Anayekohoa Hatibiwi kwa Koti Jipya

Nina ugomvi na maneno mawili yanayotamkwa kila siku katika karakana zetu: "Tujaribu hiki." Hutamkwa kwa upole, na mtu mwenye spana mkononi na oili nyeusi hadi viwikoni, na mwenye chombo huitikia kwa kichwa na kuingiza mkono mfukoni. Kikishindikana hiki, hujaribiwa kile. Plagi mpya. Koili mpya. Kabureta ya mtumba iliyotolewa kwenye chombo kilichokufa. Mwisho wake chombo hupona au hakiponi, na kwa vyovyote vile hakuna ajuaye ni kwa nini. Mimi nasema huo si ufundi bali ni bahati nasibu, tena bahati nasibu ya ajabu, maana anayenunua tiketi ni mmoja na anayechezesha ni mwingine.

Nitaulizwa, na nimekwisha kuulizwa, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na ushei anatafuta nini kwenye injini. Nilikuwa mkuu wa shule ya mazoezi iliyomo ndani ya chuo cha ualimu, na kwa miaka mingi niliwafundisha walimu watarajiwa namna ya kufundisha sayansi. Chuo chetu kilikuwa na jenereta moja na pikipiki moja, na vyote viwili vilikuwa na tabia ya kuzima wakati wa mitihani. Lakini si jenereta iliyonipa haki ya kusema. Kazi ya kutafuta kwa nini injini inamisi ni ileile niliyokuwa nikiifundisha: kutazama, kuuliza, kutoa dhana, kuipima dhana hiyo peke yake, na kuandika kilichotokea. Atakayesema hayo ni mambo ya darasani tu, ajue kwamba ndiye ninayemwandikia.

Chombo kilichonitia kalamu mkononi ni pikipiki ya magurudumu manne, ambayo vijana huiita kwadi. Ni Yamaha Raptor 660R, aina iliyotoka kati ya mwaka 2001 na 2005, yenye silinda moja kubwa, vali tano na kabureta mbili. Si ya watalii. Watalii hupewa zile za taratibu, zisizo na klachi ya mkono. Hii huendeshwa na kiongozi wa msafara anayetangulia mbele na kurudi nyuma kutazama nani kakwama mchangani. Iko Pangani, ambako mwenye mali ana biashara ya kuzungusha wageni katika njia za minazi na za mashamba ya mkonge. Anayezitunza mashine zote ni mtoto wa mdogo wangu, kijana aliyejifunza kazi chini ya mwembe kwa fundi mzee, akashika mpaka mzee mwenyewe akamwambia nenda kajitegemee.

Mashine hii ilinunuliwa Arusha ikiwa imekwisha "kutiwa nguvu." Ilikuwa na ekzosi ya mashindano, chujio la hewa la wazi, na mfuniko wa kisanduku cha hewa umeng'olewa. Jeti za kabureta zilibadilishwa hukohuko Arusha. Kisha ikateremshwa pwani, na ikaanza kukohoa.

Hebu nianze na hivi vinavyoitwa vipuri vya nguvu. Jina lenyewe ni ulaghai. Ekzosi ya mashindano haina nguvu hata chembe ndani yake, ni bomba. Nguvu imo katika petroli, nayo haitoki mpaka petroli ikutane na hewa kwa kipimo. Ili kilo moja ya petroli iungue vizuri, yahitajika hewa kama kilo 14.7. Aliyeiunda mashine kiwandani alichagua ukubwa wa tundu la kila jeti akijua bomba lake, chujio lake na kisanduku chake. Wewe ukifunga bomba pana, ukaweka chujio la wazi na kuutupa mfuniko, umeongeza hewa. Petroli hukuiongeza. Ni sawa na mpishi aliyeongeza maji chunguni, unga ukawa uleule, kisha akashangaa mbona ugali hausongeki.

Mchanganyiko uliopungukiwa namna hiyo huwaka kwa shida. Mara nyingine hauwaki kabisa, bali hupita mzima hadi kwenye ekzosi na kulipukia humo. Ule mlio wa pa-pa-pa dereva anapoachia mafuta, mlio ambao vijana huupenda kama ngoma, ni petroli waliyoilipia wenyewe inayounguzwa nje ya nyumba. Tena injini yenye njaa ya petroli hupata joto kupita kiasi, na ikiendeshwa hivyo kwa kasi kwa muda mrefu pistoni inaweza kuyeyuka juu ikatoboka. (Kuhusu kelele zenyewe sitasema mengi. Nimefundisha darasa lililo kando ya barabara, na punda wa jirani zangu nao wana maoni yao.)

Na hapo sijasema habari ya mwinuko. Mji wa Arusha uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Pangani iko baharini kwenyewe. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Pangani kwa zaidi ya asilimia 10. Fundi wa Arusha akichagua jeti zinazofaa kwake, hajakosea hata kidogo. Lakini mashine hiyohiyo ikishushwa pwani huvuta hewa nzito zaidi kwa jeti zilezile, na njaa inazidi. Kinyume chake, mashine iliyopangwa vizuri Tanga ikipandishwa Iringa itavimbiwa: itatoa moshi mweusi na plagi itajaa masizi. Nchi yetu ni ya ngazi, kutoka pwani hadi nyanda za juu, na watu wetu huuza vyombo kutoka ngazi moja hadi nyingine kila siku. Muuza vipuri ambaye hamuulizi mnunuzi anaishi wapi ni kama mshonaji anayekata suruali bila kushika futi.

Basi, pale Pangani walifanyaje? Walijaribu hiki na kile. Nimeiona orodha, maana mwenye mali, tofauti na fundi wake, alikuwa akiandika: aliandika gharama. Plagi zilibadilishwa mara tatu. Petroli ikamwagwa yote, ikawekwa nyingine, kwa kuwa injini yoyote ikikohoa nchini mwetu wa kwanza kushtakiwa ni kituo cha mafuta. Shutuma hiyo ilikuwa na msingi siku zile ambapo petroli ilichanganywa na mafuta ya taa bila haya. Tangu mwaka 2010 yalipoanza kuwekewa vinasaba, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa, faida ya uchafuzi huo ilipungua sana. Hata hivyo, anayeshuku petroli yake hana haja ya kuimwaga. Achote kidogo katika chupa nyeupe, aiache itulie. Maji kama yamo, yatakaa chini yakionekana. Ni jaribio la dakika chache, na chupa yenyewe huokotwa.

Ikaja zamu ya koili. Kisha kabureta zikafunguliwa na kuoshwa mara mbili. Kisha kisanduku cha CDI, ambacho ndicho ubongo unaoamuru cheche, kikanunuliwa cha mtumba kwa bei ya kutia uchungu. Na katikati ya hayo, mwenye mali akaleta vitu vya urembo alivyoagiza nje: mipira mipya ya mpini na mkono wa klachi wa aluminiamu, mwekundu, unaong'aa. Huo nao ukafungwa. Sasa mashine ikawa inakohoa zaidi kuliko siku ya kwanza. Wakati mmoja ilikata nguvu ikiwa inapanda ukingo wa korongo lenye mchanga, ikarudi kinyumenyume na kiongozi juu yake. Aliruka, akaumia goti. Mashine hiyo ina uzito wa watu wawili au watatu, na ingemlalia pengine nisingekuwa naandika habari za mshahara.

Maana mwenye mali alihitimisha kwamba fundi anakiharibu chombo makusudi ili apate chake kwenye ununuzi wa spea. Akamkata mshahara wa miezi miwili kufidia vipuri. Hakuna aliyeuliza nani aliamuru vinunuliwe.

Kijana alinipigia simu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Mashine imenishinda, na mshahara umekwenda."

"Marahaba. Hiyo mashine ilianza lini?"

"Zamani kidogo."

"Zamani kidogo ni lini?"

Akanyamaza. Nikamuuliza inamisi ikiwa ya baridi au ya moto, kwenye gia ipi, mkono wa mafuta ukiwa umevutwa kiasi gani, na kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho kabla ya hali kuzidi. Alijibu swali la kwanza tu. Na huyu ni kijana mwenye akili, msomaji asimdharau. Ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa majibu hayo ndiyo kazi yenyewe, na kwamba spana huja baadaye. Nilipanda basi Ijumaa nikiwa na daftari moja na kalamu mbili.

Nieleze tulichofanya, si kwa kujigamba bali kwa sababu ubishi wangu wote unasimama hapo. Kwanza hatukununua kitu. Kijana alifunga utepe kwenye mkono wa mafuta, akaweka alama za robo, nusu na robo tatu, kwa kuwa katika kabureta kila sehemu ina zamu yake: jeti ndogo hutawala mkono unapokuwa haujafunguliwa au umefunguliwa kidogo, sindano hutawala katikati, na jeti kubwa hutawala mkono ukifunguliwa wote. Zamu hizo huingiliana, hazikatwi kwa kisu, lakini ukijua chombo kinakohoa kwenye alama ipi umekwisha kupunguza washukiwa. Akaendesha, akarudi, akaandika. Akaendesha tena kwa gia nyingine, akaandika. Saa nzima ikapita hivyo, mwenye mali akitutazama kama watu wanaocheza bao wakati wa kazi.

Ndipo daftari likasema jambo ambalo miezi yote ile haikusema. Mgonjwa alikuwa na magonjwa mawili. La kwanza lilikuwa la chini na la katikati: injini ilisita mkono ulipofunguliwa, ililipuka kwenye ekzosi mkono ulipoachiwa, na ilipata nafuu choki ilipovutwa kidogo. Choki hupunguza hewa na kuongeza petroli. Chombo kinachopata nafuu kwa choki wakati kimeshapata moto kinakiri kwa kinywa chake kwamba kina njaa. La pili lilikuwa la juu. Injini ilifika mahali fulani ikakatwa, ta-ta-ta-ta, kana kwamba kuna mtu anawasha na kuzima swichi. Na mahali hapo palikuwa palepale katika kila gia. Tuliivuta hata ikiwa imesimama bila gia, ikakatwa mlemle.

Kwa sababu walioitibu mwanzo hawakuandika, waliyachanganya magonjwa hayo wakayaona moja. Ndiyo maana kila dawa ilionekana haifai. Hata dawa ya kweli ya ugonjwa wa kwanza ingetiliwa shaka na kutupwa, maana wa pili ungebaki unapiga kelele.

Tulianza na wa kwanza. Kabla ya kugusa jeti, kijana alinyunyizia maji kidogo kuzunguka mipira inayounganisha kabureta na injini, huku injini ikinguruma, kuona kama mlio utabadilika. Ungebadilika, ingekuwa ufa unavuta hewa ya wizi. Haukubadilika. Akaendesha kwa nguvu hadi pale inapokatwa, akazima ghafla na kubonyeza klachi, akaitoa plagi. Kauri yake ilikuwa nyeupe kama chaki. Plagi ya injini iliyoshiba vizuri huwa na rangi ya kahawia hafifu. Nyeusi kavu yenye masizi ni dalili ya kuvimbiwa. Nyeupe ni njaa. Akaweka jeti ndogo yenye tundu kubwa kwa hatua moja, basi. Akaendesha, akaandika. Akainua sindano kwa washa nyembamba. Akaendesha, akaandika. Kisha jeti kubwa, hatua moja, halafu nyingine. Jeti hizi si ghali. Zote kwa pamoja hazifikii bei ya ile koili isiyokuwa na kosa. Ilipofika alasiri ya Jumamosi milipuko ilikuwa imekwisha na mashine inaitika mkono kama mbuzi anayejua jina lake.

Ule ugonjwa wa juu ukabaki vilevile, wala haukusogea hata kidogo. Na hapo ndipo nilipofurahi, maana kutosogea kwake ni habari. Upungufu wa petroli hauna usahihi wa namna hiyo. Leo hutokea mapema, kesho huchelewa, hutegemea joto na mzigo. Kinachokata injini kwenye idadi ileile ya mizunguko, iwe na mzigo au isiwe nao, ni kitu kinachohesabu. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika ina milipuko 50 kila sekunde katika silinda yake. Sikio la binadamu haliwezi kuhesabu hayo, na petroli haina hesabu. CDI inahesabu. Lakini CDI ilikuwa imebadilishwa na tatizo likabaki. Basi CDI zote mbili zilikuwa nzima na zilikuwa zinatii amri. Nani anaamuru?

Kijana akafuata waya. Mashine hizi zina breki ya kuegeshea upande wa kushoto wa mpini, pale penye mkono wa klachi, na hapo pana swichi ndogo yenye kichwa cha kubonyea. Swichi hiyo huiambia CDI kama breki imefungwa au imefunguliwa. Ikiambiwa imefungwa, CDI huizuia injini isipande mizunguko, dereva asije akaondoka breki ikiwa imeshika. Ule mkono mwekundu unaong'aa haukukaa juu ya swichi kama ulivyokaa ule wa kiwandani. Haukuigusa kabisa. Kwa hiyo tangu siku ulipofungwa, injini ilikuwa inaambiwa breki imefungwa, nayo ilikuwa inatii kwa uaminifu, na ilipokuwa ikipanda lile korongo na kiongozi juu yake ilikuwa bado inatii. Kijana akabonyeza kichwa cha swichi kwa kidole, mimi nikavuta mafuta. Injini ikapaa bila kukatwa.

Mkono wa zamani ulikuwamo kwenye boksi, umefungwa kwa gazeti. Kuurudisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa.

Hapo nilibishana na fundi mwingine aliyekuwa amekuja kutazama. Alisema, kata tu waya wa swichi, mkono mwekundu ubaki, mashine itakwenda. Ni kweli, itakwenda. Ukizichomoa waya za swichi hiyo, kizuizi huondoka. Wapo wengi duniani wanaofanya hivyo. Mimi sikubali. Kwa kijana anayeshindana peke yake uwanjani labda ni shauri lake. Lakini chombo cha biashara, kinachopokezanwa na madereva watatu, kisinyang'anywe onyo lake kwa sababu ya rangi ya mkono wa klachi. Breki iliyoshika huku chombo kinakimbia hupata joto na kuisha, na siku itakapohitajika kwenye mteremko haitakuwapo. Vipuri vya kiwandani vinavyotolewa vihifadhiwe, visiuzwe kwa kilo, maana ndivyo pekee vinavyojua mashine ilivyokuwa siku ilipokuwa nzima.

Nimeambiwa pia kwamba mimi ninawadharau mafundi wa zamani waliotibu magari kwa sikio. Siwadharau hata kidogo. Fundi mzee aliyemlea kijana huyu aliweza kukaa kwenye benchi na kusema lori linalokuja lina vali iliyolegea, na likawa nayo. Lakini sikio lile lilijazwa na miaka arobaini ya injini za aina chache, ambazo hakuna aliyezibadilisha utumbo. Leo mashine moja ina kabureta iliyopangwa Arusha, bomba la kutoka ng'ambo, chujio la kampuni nyingine na mkono wa klachi wa kampuni ya nne. Haifanani na mashine nyingine yoyote duniani. Sikio halijawahi kuisikia. Hapo hata mzee mwenyewe angehitaji daftari, na ninavyomjua angeliomba.

Wengine husema mteja anasubiri, hakuna muda wa kuandika. Sisi tulitumia siku moja na nusu. "Tujaribu hiki" ilitumia miezi minne.

Ila sitawatupia mafundi lawama yote, kwa sababu najua walikotoka, walitoka kwetu. Wengi wao walikaa katika madarasa ambamo jaribio la sayansi lilielezwa ubaoni na kunakiliwa, hata likaulizwa katika mtihani, bila mwanafunzi kugusa waya wala chupa. Tuliwazoesha kuchagua jibu kati ya A, B, C na D, na asiyejua tukamwambia asiache wazi, abahatishe. Sasa tunashangaa akibahatisha kwenye kabureta. Kisha tukaongeza kosa juu ya kosa: tukasema ufundi ni wa wale walioshindwa masomo. Mwaka 1967 tuliandikiwa Elimu ya Kujitegemea, tukaigeuza kuwa kulima bustani ya mwalimu. Sheria iliyounda VETA ni ya mwaka 1994, na mpaka leo wazazi huitamka VETA kwa sauti ya kuomba radhi. Sera ya elimu katika toleo lake la 2023 imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na mimi naiunga mkono, kwa sharti moja. Mwanafunzi wa amali asifundishwe kufungua na kufunga tu. Kufungua na kufunga hata sokwe ataweza akipewa ndizi za kutosha. Afundishwe kujibu maswali yale niliyomuuliza mwanangu kwenye simu, na mtihani wake uwe injini yenye kosa lililofichwa, daftari tupu, na marufuku ya kununua chochote mpaka ameandika ukurasa mmoja.

Katika shule ya mazoezi tulikuwa na mtoto aliyekuwa akiruka maneno akisoma ubaoni. Alichapwa na mwalimu mmoja, akabadilishiwa kitabu na wa pili, akarudishwa darasa na wa tatu. Mwalimu mwanafunzi, msichana wa mwaka wa kwanza chuoni, alimhamishia dawati la mbele kwa siku moja tu ili aone itakuwaje, asibadilishe kingine. Akasoma. Macho yake hayakuona mbali. Yule msichana hakuwa na uzoefu wa wale watatu. Alikuwa na subira ya kubadilisha kitu kimoja.

Jumapili kabla ya kupanda basi nilikwenda kwa mwenye mali. Alinikaribisha vizuri, akaniita Mwalimu, akaagiza soda. Nilimpa daftari. Alilisoma lote, na nampa heshima kwa hilo, kwani wengi hawangelisoma. Nikamwonyesha ukurasa wenye tarehe ya ule mkono mwekundu, ambayo tuliipata katika orodha yake mwenyewe ya gharama, na tarehe ambayo kiongozi alikumbuka mashine ilianza kukatwa juu. Zilipishana kwa siku mbili. Nikamwambia fundi hakuagiza mkono ule, hakuagiza CDI, wala hakuichagulia jeti za Arusha mashine iliyokuwa inakuja pwani. Na kwamba kama kuna mtu wa kukatwa fedha kwa ajili ya vipuri visivyokuwa na kosa, ni yule aliyevinunua kabla ya kuuliza.

Alisema atalifikiria. Mashine inafanya kazi tangu wakati huo, kiongozi amepona goti, na daftari limeninginizwa ukutani katika karakana kwa kamba, na madereva wanaandika humo. Mshahara wa miezi miwili haujarudishwa. Nimemwandikia barua mbili, na hii ambayo msomaji amekwisha kuisoma ataipata ya tatu.